Watoto wa Chai na Mkate

Walisema sitaweza. Naanza na hilo kwa sababu wengi wao wangali hai, na anayetaka kukana aje.

Mzee Lutema, mwenye mashine ya kusaga pale kijijini kwetu nje kidogo ya Runzewe, alisimama katika mkutano wa wazazi wa shule akasema, "Masanja huyu amlishe nani? Watoto wa machimboni leo wapo, kesho wamehama na mabegi yao. Atapika uji, wanywaji watakuwa nzi." Mwingine akaongeza kwamba mwanamume aliyekwenda Zambia kutafuta mali akarudi na cheti cha mapishi ni sawa na aliyetumwa kuleta ng'ombe akarudi na kamba. Watu walicheka mpaka wakashika magoti. Tangu siku hiyo jina langu likawa Diploma. Hata watoto wa darasa la awali walinipa heshima zangu zote: "Shikamoo, Diploma."

Nami nikaitikia marahaba. Diploma si ninayo? Baba yangu alichunga ng'ombe za watu kule Kishapu na hakuwahi kuninunulia hata daftari. Nilikwenda Zambia na viatu vya matairi, nikaosha masufuria katika jiko la mgodi wa shaba, nikasoma jioni baada ya kazi, nikafaulu lishe na mapishi katika lugha ambayo mama yangu angeisikia angedhani nina homa. Kisha nikarudi kwa hiari yangu. Katika kata yetu simjui mwingine aliyefanya hivyo. Kama yupo, hajajitokeza.

Sasa nimestaafu, na ninyi vijana ndio mnakabidhiwa majiko ya shule. Vitamini mmefundishwa chuoni. Mimi nataka kuwafundisha kuogopa. Mpishi wa nyumbani akikosea anaumiza nyumba yake. Wa shule anaumiza kijiji kizima kwa upawa mmoja. Kila asubuhi nilianza na ukaguzi. Nilinusa maji, nikanusa unga, nikachungulia ndani ya kila chombo, maana kwetu mtu anaweza kuchanganyia zebaki na mchanga wa dhahabu katika karai, na kesho yake akakuazima karai hilo hilo kwa moyo mweupe kabisa. Karai lisilo na historia sikulipokea hata likiletwa na mwenyekiti. Waliniita mwoga. Waniite. Na pamoja na woga wote huo, ipo asubuhi moja niliyodhani nimewaua watoto wawili.

Lakini kwanza niwaambie vyombo vilitoka wapi.

Shule ilikuwa na watoto wengi, na jiko lilikuwa mafiga matatu chini ya bati. Mkuu wa shule, Mwalimu Kabula, mama mfupi mwenye sauti ya kengele, aliniambia, "Bwana Masanja, unga wa wazazi nitaupata. Sufuria sina." Nikasema nitaazima. Nikapita nyumba kwa nyumba. Kwetu kuna jambo moja ambalo hata mlevi analijua: chombo cha mwenzio hakirudi kitupu. Ukiazima ungo, unaurudisha na karanga kidogo. Ukiazima kibuyu, unarudisha na tone la maziwa. Nikawaapia wazazi wote kwamba siku shule itakapokuwa na vyombo vyake, kila kimoja nitakirudisha kwa mwenyewe kwa mkono wangu, na hakitakuwa kitupu.

Mzee Lutema alinipa pipa alilokuwa akipikia pombe ya harusi za binti zake. Alilipiga kofi. "Binti zangu wameisha. Lakini Diploma, nikisikia limetoboka, utaoa wewe mwaka mzima ili nione limetoboka wapi." Mpaka leo sijaelewa maana yake, ila watu walicheka.

Wa mwisho kuja alikuwa mama mwembamba wa kule kwenye mabanda ya machimboni. Aliniletea sufuria ndogo ya mpini mmoja, mwingine umekatika. Alikuwa na binti, Spesioza, tuliyemwita Spesi, na mdogo wake wa kiume, Deo. Yeye basi tukamwita Mama Spesi. Hakusema ametoka wapi, wala mimi sikuuliza. Alisema tu, "Ni ndogo, baba, lakini haijawahi kuunguza."

Siku ya kwanza niliaibika. Nilimimina unga mkavu kwenye maji yanayochemka, jambo ambalo hata msichana wa miaka minane hafanyi, na uji ukatoka na mabuja kama kokoto. Watoto wakauita uji wa karasha, kwa jina la mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Nasisitiza kuni zilikuwa mbichi na moshi ulinipofusha. Ninyi korogeni unga kwanza kwa maji baridi, mpaka uteleze kwenye kijiko. Chumvi kidogo kabla ya sukari. Karanga zilizosagwa ziingie mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, la sivyo zinashika chini. Na usimwamini anayekuambia umeiva, onja.

Kule Zambia nilifundishwa na mpishi mzee aliyeitwa Phiri, mtu wa maneno machache na masikio makubwa. Alikuwa na sheria moja: kabla hujampa mtu chakula, ujue tumbo lake tayari lina nini. Kwa hiyo kila asubuhi nilisimama mbele ya foleni na upawa, na kila mtoto nikamuuliza kabla ya kumjazia kikombe, "Umekula nini asubuhi?"

"Chai na mkate."

"Wewe?"

"Chai na mkate."

"Na wewe, mwanangu, ng'wanawane?"

"Chai na mkate, Diploma."

Foleni nzima. Ndugu zangu, mkate kijijini kwetu ulifika siku ambazo gari la mikate halikupata pancha. Siku zenyewe zilihesabika. Watoto wenye midomo mikavu na matumbo yanayolia wakaniambia chai na mkate, wamekaza macho kama mashahidi mahakamani.

Haikunichukua muda kuelewa, kwa sababu na mimi niliwahi kuwa mtoto wa chai na mkate, nikiwa mtu mzima na ndevu. Mama alikuwa akinitumia matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa juani. Nilivila gizani chumbani Zambia, na mtu akiniuliza, nilisema mkate. Ukisema ulichokula, umesema ulikotoka. Wasukuma wa Kishapu wanajulikana kwa matobolwa na maziwa ya mgando, Wahaya kwa ndizi na kahawa. Muhogo tunaula sote; ugali wa udaga, yaani muhogo uliovundikwa na kukaushwa, kwa samaki ni chakula cha jioni. Ila wale waliotoka ng'ambo ya mpaka, wa upande wa Burundi, husonga ugali wa muhogo alfajiri na kuula kwa maharage ya jana. Mtoto akilitaja hilo foleni, wenzake walipiga kelele, "Mrundi! Mrundi!" kwa furaha ya kitoto tu. Lakini kelele za watoto hufika nyumbani, za nyumbani hufika barabarani, na barabarani kulikuwa na gari lililokuja mara kwa mara kuuliza vibali vya kuishi nchini.

Niliona hofu ya gari hilo ilivyofanya kazi. Siku moja gari lilipunguza mwendo karibu na uwanja wetu. Lilikuwa la mtu wa mbegu za pamba aliyepotea njia. Nilipogeuka, nusu ya foleni haikuwepo. Vikombe vilikuwa chini, vimepangwa vizuri, uji unafuka mvuke, na hakuna mtu. Nimeona mambo mengi, lakini vikombe vile bado vinaniamsha.

Basi nikaendelea kuuliza, na wao wakaendelea kunidanganya, nami nikawajazia. Sasa naingia kwenye asubuhi yenyewe.

Ulikuwa msimu wa kiangazi kikali. Visima vilikuwa vimekauka na maji yaliuzwa kwa dumu. Kwenye mabanda ya machimboni watu walinawa uso kwa kitambaa chenye unyevu. Spesi alifika na Deo, nikauliza, wakajibu chai na mkate, wakanywa. Kengele ikalia. Nilikuwa nasugua pipa la Lutema, ambalo lilikuwa bado na uji wa kumalizia, niliposikia mwalimu akipiga ukunga.

Spesi alikuwa anatembea kama mlevi kando ya ukuta wa darasa. Akatapika, akapiga magoti. Deo alikuwa tayari amelala chini, anahema haraka haraka kama kuku aliyekimbizwa. Nilimbeba yeye, Mwalimu Kabula akambeba dada yake, tukakimbia kwenye zahanati iliyo jirani na shule.

Maneno yalitutangulia, sijui kwa miguu ipi. Tulipomlaza Deo kitandani, nje kulikuwa na watu. Uji una sumu. Diploma amewatilia watoto sumu. Karai la zebaki. Nilisikia vilio vya mtoto wangu, mtoto wangu, na akina mama wakiwaita watoto wao kutoka madarasani wakiwaingizia vidole mdomoni watapike. Nikaona mtu ameshika jiwe. Vijana, kwetu jiwe la kwanza likirushwa, hakuna anayeuliza la pili limetoka wapi. Niliwaza kutoroka, naliandika hili bila haya.

Mzee Lutema alipenya umati. "Diploma, nataka pipa langu. Sasa hivi. Mwaga uji."

"Siumwagi, mzee. Nikiumwaga hakuna atakayejua."

"Wanataka kukuua, mpumbavu wewe!"

"Basi niletee kikombe."

Alinitazama. Akaenda jikoni mwenyewe, akarudi na uji wa lile pipa. Nikasimama mlangoni pa zahanati nikanywa wote mbele yao, kwa pupa hata mwingine ukanimwagikia kifuani. Mwenye jiwe hakulitupa, ila alilishusha. Mtu akasema, "Ngojeni tuone kama anaanguka." Wakangoja. Sijawahi kutazamwa tumbo namna ile.

Ndani, nesi alikuwa akimshika Spesi shavu. "Mwanangu, ulikula nini kabla ya uji?"

Spesi, macho yamegeuka nusu, akasema, "Chai na mkate."

Hapo ndipo hofu yangu ya umati ilipoisha na nyingine ikaingia, kubwa zaidi. Niliwaza: watoto wote wamekunywa pipa moja, wameanguka hawa wawili tu, wa nyumba moja. Kutapika, kuyumba, kuhema. Hayo niliyasoma, na Phiri aliyasema pia. Ni muhogo mchungu ambao haujalowekwa vya kutosha. Una sumu yake yenyewe, haihitaji mtu wa kuitia. Nikamwambia nesi. Akasema, "Inawezekana. Inaweza pia kuwa dawa ya kuulia wadudu, inaweza kuwa zebaki. Hospitali ya wilaya watataka kujua, na kila moja ina dawa yake. Siwezi kuwaambia Diploma anadhani."

Mama Spesi akaingia, kanga imefungwa vibaya, vumbi la machimboni mpaka kwenye kope. Aliwaona wanawe. Kisha akageuka akaona dirisha limejaa vichwa.

"Mama, wamekula nini nyumbani?" nesi akauliza.

Akatazama dirisha. "Chai na mkate."

Deo akajipinda kitandani, povu kidogo mdomoni. Mama akapiga magoti, akaweka mkono mdomoni mwake mwenyewe, kama anayezuia kitu kisitoke.

Nilichuchumaa karibu naye nikasema polepole, "Mama Spesi, mimi nilikuwa mgeni nchi ya watu. Nilisema chai na mkate mwaka mzima."

"Nikisema watanichukua," alinong'ona. "Na hawa watabaki na nani?"

"Usiseme unatoka wapi. Hakuna aliyekuuliza hilo. Mimi ni mpishi, nakuuliza la jikoni tu. Ule muhogo uliuloweka siku ngapi?"

Akampangusa Deo povu. Nje mtu alisema, "Anasema nini huyo?" Nilitamani kuwafunga midomo wote. Deo akatoa sauti ndogo, si kilio, sauti ya mlango. Mama akasimama. Nilidhani ataanguka, lakini alisimama akasema kwa nguvu, mpaka waliokuwa dirishani wakarudi nyuma:

"Maji yalikwisha! Nimeuloweka usiku mmoja! Usiku mmoja tu, ule mchungu, nikausonga alfajiri, wakala na maharage. Sikuwa na maji!"

Dirishani sauti moja ikasema, "Kumbe Mrundi." Na Mzee Lutema, ambaye sikujua yuko pale, akajibu, "Funga mdomo, au nitakusaga kwa mashine yangu bila malipo."

Nesi alikuwa tayari kwenye simu, anawaambia wa hospitali ni muhogo, waandae dawa. Gari la wagonjwa lilikuja na vumbi lake. Mama alipanda na wanawe. Mimi nilibaki mlangoni, nguo imelowa uji, bado sijaanguka.

Watoto walipona. Lakini walipotoka hospitali hawakurudi. Nilikwenda kwenye mabanda nikakuta chumba kimefagiwa, mafiga yamepoa, na jirani akaniambia waliondoka bila kuaga. Jikoni kwangu sufuria yenye mpini mmoja ilikuwa imeinamishwa juu ya rafu. Nililiona gari la vibali mara mbili mwezi ule, na kila lilipopita nilijiuliza kama limewabeba. Nilimwambia aseme, akasema, wanawe wakaishi. Je, walikwenda kuishi wapi?

Uji haukukoma, ingawa kwa majuma kadhaa foleni ilikuwa nyembamba na kuna akina mama waliokuja kunitazama nikionja kabla ya watoto wao kushika vikombe. Nilionja kwa madaha. Kisha nikabadilisha namna ya kuuliza, na hili ndilo ninalotaka mlichukue. Usiulize mtoto foleni mbele ya wenzake. Mwite karibu na moto, mmoja mmoja, na uanze wewe. "Mimi leo nimekula matobolwa, yamenikwama kooni." Mtoto atacheka. Atasema, "Mimi nimekula kiporo cha ugali." Mwingine atasema, "Mimi sijala." Hilo la mwisho ndilo ulilokuwa unalitafuta, na hutalisikia kamwe foleni.

La pili, Mwalimu Kabula alipata tangi la maji ya mvua kwa ajili ya shule. Nikamwomba Mzee Lutema ruhusa ya kuligeuza pipa lake liwe la kulowekea muhogo. Mama yeyote alileta muhogo wake, akaufunga kwa kitambaa cha rangi yake, na haukutoka mpaka umelainika na kuvunda sawasawa, siku tatu au nne kufuatana na baridi. Hakuna aliyeulizwa jina. Lutema alipita kila mara akiziba pua. "Pipa la harusi za binti zangu! Sasa linanuka kama soksi za mchimbaji." Lakini hakulichukua.

Miaka ikapita. Shamba la shule likazaa vizuri, tukanunua masufuria makubwa yetu wenyewe, nami nikatangaza siku ya kulipa. Nilipita nyumba kwa nyumba kama nilivyopita siku ya kuazima, na kila chombo kilikuwa na unga wa lishe ndani, nilioupima na kuukaanga mwenyewe. Pipa la Lutema nilimletea kwa mkokoteni, limesuguliwa kwa mchanga, lina unga mpaka shingoni. Alikagua chini kama kuna tundu. Hakulikuta. "Wabeja, Masanja," akashukuru. Hakusema Diploma. Nikamwambia nzi wanamsalimu.

Ikabaki sufuria yenye mpini mmoja. Nilisema nitarudisha kila kimoja kwa mkono wangu, na mimi si mtu wa maneno matupu. Niliuliza kila mahali, kwa tahadhari, bila kutaja jina, maana swali baya linaweza kumpeleka mtu pabaya. Mwishowe dereva wa lori aliyekuwa akisubiri kusagiwa unga wa safari alisema, "Isaka, pale malori yanapolala, kuna mama anasonga ugali wa muhogo alfajiri. Madereva wa kwenda magharibi wanampigania. Hata sufuria zake hazina mipini."

Nilifika Isaka asubuhi. Nilivaa shati jeupe kama la watu wa vibali, kosa langu, maana aliponiona nakuja kati ya malori alisimama ghafla, akaziba njia ya kibandani kwa mwili wake. Nikainua sufuria juu ili aione kwanza kabla ya uso wangu.

Alikaa chini papo hapo. "Baba wa uji," akasema.

"Nimeirudisha. Haijaunguza hata mara moja."

Alifunua kifuniko. Ndani kulikuwa na unga mweupe wa muhogo. Alichota kidogo akanusa, akanusa tena. "Umelowekwa," alisema.

"Siku zake zote."

Nyuma yake alitokea msichana mrefu mwenye sare ya sekondari, akifunga kamba za viatu. Nyuma ya msichana, mvulana mwenye meno makubwa. Madereva walikuwa wamekaa benchi zima wakisikiliza, wageni watupu, wa kila nchi. Nikasema lile nililolizoea.

"Spesi. Umekula nini asubuhi?"

Alimtazama mama yake. Akawatazama madereva.

"Ugali wa muhogo, baba. Na maharage ya jana," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye lori la mwisho. "Na Deo amekula nusu ya wangu."

Mama Spesi alikuwa tayari amepakua sahani, mvuke unapanda, amenisogezea na jagi la maji. Madereva wote walinitazama, na yeye zaidi yao, kama watu wa mlangoni pa zahanati walivyongoja kuona nikianguka siku ile. Nikanawa, nikakata tonge kubwa, nikachovya, nikala.